Barakoa ya kupandia Kosta: angalia waya wa pua kwanza

Julai iliyopita nilipanda Kosta asubuhi kutoka Arusha, naenda Machame kwa bibi, ambaye ana pumu. Baridi ilikuwa kali, madirisha yote yamefungwa, na mzee mmoja nyuma yangu anakohoa tangu Tengeru. Mimi nimetulia. Nimevaa "N95" (kiwango cha Marekani cha barakoa za kuchuja hewa) ya shilingi 3,500, muuzaji kaniapia ni orijino. Kufika Kikatiti miwani imejaa ukungu, sioni hata kiti cha mbele.

Sasa, kama pumzi yangu inatokea pembeni mwa pua, kikohozi cha yule mzee kinaingilia hapohapo. Virusi vya korona na vya mafua husafiri na vitone vidogo mno vinavyoelea hewani kama moshi wa sigara. Siku hiyo nilikaa na bibi barazani, sebuleni sikuingia. Jioni nikaichana ile barakoa ukingo wa juu. Ndani kulikuwa na kiwaya chembamba kilichovikwa plastiki, kilekile cha kufungia mfuko wa mkate! Ukikibana, kinajirudi.

Kwa hiyo msiniulize rangi wala tabaka ngapi. Bana waya kwa vidole viwili, uachie. Ukibaki ulivyoukunja, tuendelee kuzungumza.

Ya kwanza kwangu ni Aura ya kampuni ya 3M, na sijifichi, naipendelea. Ile ya 9210+ ni N95, ya 9320+ ni FFP2, kiwango cha Ulaya. N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe, FFP2 asilimia 94. Tofauti hiyo isikunyime usingizi. Ninachoipendea ni waya mpana unaotii, sponji laini chini yake, na mikunjo mitatu inayokuacha uongee na konda bila barakoa kukushuka puani. Mikanda yake miwili inapita nyuma ya kichwa. Ukiwa na misuko, wa juu utateleza. Uvushe juu ya fundo la nywele. Usichanganye na 9322+: hiyo ina valvu, na pumzi yako inatoka bila kuchujwa. Ukiwa na mafua, bibi hajakingika vya kutosha.

Ya pili, KF94 ya Korea. Inashikwa masikioni, lakini umbo lake la mtumbwi linakaa vizuri kwenye sura nyembamba. KN95 ya China naiweka ya tatu kwa shingo upande, maana waya wake ni bahati nasibu: pakiti hii mzuri, ijayo wa mkate.

Zile za bluu za hospitali zinaacha mashavu wazi. Ya kitenge ni bora kuliko uso mtupu. Basi.

Wauzaji sasa. N95 iliyothibitishwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, haina kamba za masikioni, ina mikanda ya kichwani, na imechapwa namba inayoanza na TC-84A kwenye barakoa yenyewe. Nilipomwonyesha yule muuzaji kuwa yake haina namba wala mikanda, akacheka: "Dada, zote si zinafunika mdomo?" Halafu anazitoa kwenye boksi lililofunguliwa, moja moja, kwa vidole vilivyotoka kuhesabu noti. Bei ikipanda anasema dola. Dola ikishuka, anasema mzigo ni wa zamani.

Mimi siku hizi nanunua kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, wanakonunua mafundi rangi. Muuzaji wa huko anajua maana ya FFP2 na hanishangai nikibana waya. Nikifika nyumbani siifui wala kuipulizia spiriti, maana inaua chaji ya umeme tuli inayonasa chembe. Naiacha ikauke kwenye bahasha ya karatasi hadi safari nyingine.

Zile za 3,500 zilizobaki nimezichomoa nyaya. Nafungia mifuko ya iliki.