"Mlete shemeji tuongee": uzoefu wangu na dampa ya usukani

Msinunue. Kama gari mmelinyanyua, mmelivisha matairi makubwa na usukani umeanza kucheza, msikimbilie dampa, ile shokapu ndogo inayofungwa kwenye fimbo za usukani kupunguza mitikisiko. Na mkishindwa kujizuia, basi nunueni kwingine, si kwenye lile duka la spea hapa Tanga mjini nililoingia mimi.

Gari langu ni mkonga, Land Cruiser pikapu, linabeba machungwa ya Muheza na viungo vya Amani. Njia ya Amani wakati wa masika mnaijua wenyewe, ndiyo maana nililinyanyua na kulivisha tairi za inchi 35. Matopeni halinisumbui tena. Kasheshe iko kwenye lami. Nikishavuka spidi 70, tairi la mbele likidunda shimo tu, mbele kote kunaanza kutetemeka, usukani unanichapa vidole, na hakutulii mpaka nisimame kabisa. Mara ya kwanza ilinikuta karibu na Pongwe, nyuma yangu lori la saruji linapiga honi. Wallahi niliona nimefika.

Nikaenda dukani. Kijana hata hakuniangalia. Alimgeukia utingo wangu, ambaye hata leseni hana, akamuuliza gari ni la mwaka gani. Mwenye gari mimi, dereva mimi, hela ziko mkobani mwangu! Nikamuuliza, hivi tatizo haliwezi kuwa bushi, zile raba za kwenye maungio? Akacheka. "Mama, haya mambo ya ufundi. Mlete shemeji tuongee."

Shemeji yupi? Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili, boneti yenyewe hajui inafunguliwa wapi. Na wateja waliokuwepo wakacheka naye. Hadi leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Wakaniuzia dampa ya gesi, nene, nyekundu, laki tatu na ushee, wakaitoa ya zamani na kuifunga hiyo palepale. Siku za mwanzo kimya kabisa, nikaanza hata kumsamehe. Halafu usukani ukawa unavuta kushoto. Nikarudi. "Barabara imelala, mama." Imelala upande uleule, kwenda Segera na kurudi? Kumbe dampa nyingi za gesi zinasukuma fimbo yake nje muda wote, kwa hiyo usukani nao unasukumwa. Hilo hakunieleza mtu. Na kabla sijamaliza kugombana nao, mtetemeko wenyewe ukarudi, safari hii mkali zaidi. Waja leo waondoka leo, kweli ndiyo Tanga.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja mtu mzima kule Mikanjuni. Nilimwamkia, akaniitikia, "Marahaba mwanangu," akalala chini ya gari. Injini inanguruma, matairi yako chini, akamwambia utingo azungushe usukani kulia kushoto, kulia kushoto. Yeye anatazama ile fimbo ndefu iliyokingama mbele, inayozuia ekseli isihame pembeni. Bushi yake imekwisha, tundu limetanuka, fimbo inacheza. Beringi za kingipini, pale tairi linapogeukia, nazo zimelegea. Juu ya hayo, akasema, gari likinyanyuliwa ekseli inajizungusha kidogo, pembe ya kasta, yaani ule mlalo wa kingipini kuelekea nyuma, inapungua, na tairi halijirudishi lenyewe kwenye mstari. Akabadilisha bushi, akaweka zile maalumu za kurudisha kasta, akakaza beringi, akanituma nikafanye balansi ya matairi. Dampa akaitoa kabisa, akaniambia, "Nenda Muheza, urudi."

Nilikwenda na spidi yangu yote. Kimya. Yaani kumfungia dampa gari la namna ile ni kumpa Panadol mgonjwa wa malaria.

Sasa haki isemwe, ingawa inaniuma. Fundi huyohuyo alinirudishia dampa, ile ya zamani ya mafuta iliyokuwa imelala nyuma ya kiti. Mkonga unatoka nayo kiwandani, hata ukiwa na tairi zake nyembamba. Kwenye njia za mashamba ya mkonge kule Pangani, jiwe likilipiga tairi kubwa pembeni, pigo lote linakuja mikononi. Bila dampa nilikuwa nafika nyumbani siwezi kushika sufuria. Nikiwa nayo, naendesha huku nagombana na utingo. Kwa hiyo inahitajika? Kwa mtetemeko, hapana. Kwa mikono yangu, ndiyo, tena sana, na kwa matairi haya nisingependa kutembea bila hiyo. Lakini ile ya kiwandani inanitosha, nyekundu ya nini?

Dampa naipa nyota nne. Duka halipati hata moja. Nimewapelekea nyekundu yao wanirudishie hela, wanasema imeshatumika. Waliifunga wao wenyewe, kwa spana zao, sasa walitaka nikaitundike ukutani?