Upanga wa Kiairishi wenye pete, uzoefu wangu

Kwa mnaoulizia panga za kuigizia vita vya zamani vya Ayalandi, mi natumia ule wenye pete kwenye kitako cha mpini, aina ya karne ya 15 na 16, na naupenda sana aisee. Zile halisi zipo makumbusho ya taifa pale Kildare Street, Dublin, nendeni mkazione kabla hamjatoa hela. Ukiziangalia vizuri utaona pete iko wazi, afu ule ulimi wa chuma unaotoka kwenye upanga unapita ndani ya mpini, unakatiza katikati ya pete na kugongwa upande wa pili, na kwa baadhi vile vyuma vya kukinga mkono kimoja kimepinda juu kingine chini, ncha zake zimepanuka kama mkia wa samaki. Hapo ndo pa kumpimia fundi. Kuna za bei chee wanachomelea tu pete juu ya mpini, kwa mbali inapendeza ila mkianza kugonganisha panga kweli ile pete inaweza kuchomoka ikampata mtu usoni, mi siwezi kumshauri mtu yeyote anunue.

Wangu ule ulimi umepita mpaka mwisho wa pete, haujawahi kucheza hata kidogo. Chuma ni cha springi, unapinda unarudi, makali ni butu yana unene wa milimita 2 hivi na ncha imeviringwa, bila hivyo kikundi chetu hakikuruhusu kuingia uwanjani. Kitu kimoja mjue, pete ikiwa wazi kitako kinakuwa chepesi so uzito unavutia mbele, ukikata unakata kwa nguvu lakini kiganja kinachoka haraka kuliko panga zenye kitako kizito, inabidi ujifunze kuuacha uende na mwendo wake badala ya kuuzuia.

Ngozi ya mpini ndo sijaridhika nayo, mvua za huku zikiinyeshea inalegea, nimeifunga upya kwa uzi uliopakwa nta na sasa imetulia. Kila baada ya pambano pitisha tupa kwenye makali maana yanaota vimeno vinavyochana mikono ya wenzio, afu futa, paka mafuta. Ala wanauza pembeni, ichukueni tu, kwenye maonesho watoto wanakuja kushika kila kitu na upanga hauwezi kukaa wazi katikati ya watu.