Tyubu za boila ya injini ndogo ya mvuke: ununue ipi, na stenlesi inakaa namba ngapi

Stenlesi haishiki kutu, inang'aa, ina nguvu kuliko kopa, sasa mbona wazoefu wanaikwepa? Inategemea boila yako. Kama ni ile ya kawaida, tanki la maji na moto chini, mi naiweka namba tatu.

Namba moja ni kopa. Ile ya mafundi friji na AC inafaa sana, inashika vizuri vijiti vya silva (vile vya kuungia kwa moto mkali), na Waingereza wamejengea boila za treni zao ndogo kwa kopa miaka na miaka. Tafuta vijiti vya silva asilimia 55 hivi, vinayeyuka kwenye nyuzi 630 mpaka 660, ile risasi laini ya kuungia waya usiiguse kabisa.

Namba mbili chuma cha kawaida kisicho na mshono, kama una welda unayemwamini. Kinaliwa na kutu, so chukua cha ukuta mnene.

Sasa stenlesi. Watu hulalamika haipitishi joto, na kweli kopa ni karibu 400 kwenye kipimo ambacho stenlesi inapata 16 hivi, ila ukuta wa milimita moja haukucheleweshi kihivyo, joto linakwama zaidi upande wa moshi. Balaa lenyewe ni chumvi. Maji yenye kloridi, joto kupita nyuzi 60, na mkazo uliobaki baada ya kuchomelea, hapo zinaanza nyufa nyembamba usizoziona, hakuna kutu ya kukushtua, siku hiyo inapasuka tu. Stenlesi ya gredi 316 inavumilia kuliko ya 304 lakini nayo haijasalimika, so maji ya kisima ya Dar au Mombasa sahau, tumia yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke wake. Halafu kiungo cha silva kwenye stenlesi kikikaa majini kinaweza kuachia taratibu kwenye mshikano, labda upate vijiti vyenye nikeli.

Ila boila yako ikiwa ya koili, yaani pampu inasukuma maji huku na mvuke unatokea kule, stenlesi inapanda namba moja bila ubishi!! Tyubu inaweza kuwa nyekundu kwa moto, kopa hapo ingeshalegea, na maji ndani ni kidogo hata ikipasuka. Wale wa boti za mashindano Uingereza ndo zao hizo. Chukua 316L (ile 316 yenye kaboni kidogo) isiyo na mshono, iliyolainishwa ili ikunjike, na viungo vyote uviweke nje ya moto.

Za mwisho kabisa: paipu za stenlesi za reli za ngazi, zina mshono na hakuna aliyezipimia presha, hata ukipewa bure. Na brasi pia, maji moto yanakula zinki yake inabaki kama sponji.

Dukani soma maandishi ya gredi kwenye paipu yenyewe, muuzaji akisema tu "ni stenlesi bosi" ondoka. Ukimaliza kuunga jaza maji baridi, toa hewa yote, pampu mpaka mara mbili ya presha utakayotumia, na usijaribu kupima kwa kompresa ya hewa.