Alliance na Horde: washindane au washirikiane?

World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni uliotoka Novemba 2004, uliwagawa wachezaji kambi mbili, Alliance na Horde. Ushindani ulijengwa ndani ya mchezo wenyewe: ukimwandikia mtu wa kambi ya pili, maneno yako yalimfikia yamevurugika, hayasomeki. Ndani ya kambi nako vyama, yaani vikundi vya kudumu vya wachezaji, vilikesha vikigombania kuwa vya kwanza kuliangusha jitu jipya. Ushindani hunogesha mchezo, hilo silikatai. Lakini hula watu. Chama kidogo kikikwama, hodari wake hunyakuliwa na chama kikubwa, na wanaobaki hawatoshi hata kuingia pangoni, mahali pa mapambano panapohitaji kikosi kizima.

Januari 2006 ikaja Ahn'Qiraj, eneo jipya ndani ya mchezo. Milango yake haikufunguka katika seva yoyote mpaka kambi zote mbili zitimize michango: bandeji, shaba, ngozi, vyakula vilivyopikwa. Mgeni wa ngazi ya chini aliyeleta bandeji za kitani alihesabika kama mkongwe mwenye silaha za kutisha. Mimi naegemea ushirikiano wa namna hii bila kusita. Ushindani haukufa, maana vyama viliwania heshima ya kupiga upatu wa kufungua milango, ila kila mtu alijua kwamba bila jasho la kambi ya pili upatu haulii.

Ajabu ni kwamba kambi hizi hazikuruhusiwa kuingia mapangoni pamoja hadi 2022. Ruhusa hiyo ilichelewa mno. Marafiki waliochagua kambi tofauti walistahili kucheza pamoja tangu mwanzo.