Ukaguzi wa kina wa nyumba kongwe ya kijijini kabla ya kuinunua: tathmini yangu

Kabla ya kuweka sahihi kwenye mkataba wa nyumba kongwe niliyoipenda kijijini, nilimlipa mkaguzi wa majengo aipitie yote, kuanzia msingi hadi paa, na kuniandikia ripoti. Wengi huona gharama hiyo imezidi, maana fundi yeyote mzoefu anaweza kuizunguka nyumba na kukwambia kama ni imara. Mimi naiona halali kabisa, ila si kwa sababu ya orodha ya kasoro. Nyufa nilishaziona mwenyewe, na harufu ya unyevu ilinipokea mlangoni. Nilichohitaji ni mtu wa kunieleza kila kasoro imeletwa na nini, na kama kilichoileta bado kinaendelea au kilishakoma.

Kwanza tuzitenganishe huduma zenyewe, kwa sababu majina yake yanachanganya. Mtu anayetumwa na benki huenda kupima thamani ya nyumba kama dhamana ya mkopo. Anailinda benki, si wewe. Kuna ukaguzi wa kawaida, unaotosha kwa nyumba mpya iliyojengwa kwa njia zilizozoeleka. Halafu kuna ukaguzi wa kina, unaoeleza nyumba ilijengwaje, ikabadilishwa wapi, inaharibiwa na nini na itengenezwe vipi. Kule Uingereza, chama cha wataalamu wa kazi hii, RICS, kimepanga ukaguzi wa nyumba katika ngazi 3, na ya tatu ndiyo inayozifaa nyumba kongwe na zile zilizofanyiwa mabadiliko makubwa. Ukimpigia simu mkaguzi yeyote, muulize kama ripoti yake itaeleza sababu au itataja hali tu.

Wangu alikuja na ngazi, tochi kali, timazi, bisibisi, kipima unyevu, na kadi ya plastiki yenye mistari ya unene tofauti ya kupimia nyufa. Niliomba kuwapo. Alikubali kwa sharti kwamba nimwache amalize peke yake kwanza, ndipo tuzunguke pamoja. Nililipenda sharti hilo. Mkaguzi anayeongea na mteja huku anakagua hurukaruka, na kinachorukwa ndicho utakachokuja kukilipia baadaye.

Ufa ulioninyima usingizi ulikuwa kwenye ukuta wa ubavuni. Ulianzia kona ya dirisha, ukapanda kwa kufuata viungo vya mawe hadi karibu na paa. Aliweka kadi yake penye upana zaidi: milimita 4. Kisha akamulika ndani na kuniambia, "Zitazame kingo." Zilikuwa zimelainika na kujaa vumbi jeusi, na rangi za zamani, tabaka juu ya tabaka, zilikuwa zimeingia hadi ndani ya ufa bila kuchanika. Ukuta ungekuwa unaendelea kusogea, rangi hiyo ingekatika. Linta ya mbao, yaani boriti fupi inayobeba ukuta juu ya dirisha, ilipinda kidogo zamani, mawe yakajipanga upya juu yake, mambo yakaishia hapo.

Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kona ambayo mtu yeyote angeipita bila kugeuza shingo. Hapo palikuwa na ufa mwembamba, haufiki hata milimita 2. Lakini kingo zake zilikuwa kali, ndani hamna vumbi wala utando wa buibui, na juu ulikuwa mpana kuliko chini. Mlango wa karibu ulikuwa umerandwa upande mmoja ili ufunge, na pale uliporandwa mbao ilikuwa bado nyeupe. Hatua chache kutoka pale umesimama mti mkubwa, na udongo wa eneo hilo ni wa mfinyanzi. Udongo wa namna hiyo husinyaa ukikauka na kuvimba ukinywa maji. Mizizi huufyonza zaidi wakati wa ukame, msingi ukakosa pa kukalia, kona ikashuka. Huu mwembamba ndio ulioandikiwa maelezo marefu kwenye ripoti, na ule wa kutisha ukapewa mistari michache.

Taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, BRE, ina mpangilio unaotumiwa sana wa kuziweka nyufa katika madaraja kwa upana: hadi milimita 5 huhesabiwa kuwa kasoro ya sura, kuanzia 5 hadi 15 ya wastani, 15 hadi 25 kubwa, na zaidi ya 25 uimara wa jengo uko mashakani. Kwa kipimo hicho pekee, nyufa zangu zote mbili zingeingia kapu moja, la kuziba na kupaka rangi. Mpangilio huo unapima madhara yaliyokwisha kutokea. Yanayokuja lazima mtu ayasome kwenye kingo, umbo la ufa, udongo na majira. Kama kuna mahali ambapo elimu ya mkaguzi inalipa, ni hapa.

Nilisema basi mti ukatwe. Alinizuia papo hapo. Mti ukiwa na umri mkubwa kuliko nyumba, au umekaa hapo miaka mingi, kuukata ghafla huuachia mfinyanzi unywe maji uliyokosa muda wote huo. Unavimba na kuinua msingi, na madhara yake huweza kuzidi yale ya kushuka. Alishauri vibandikwe vipimo vya plastiki juu ya ufa, visomwe kwa misimu yote ya mwaka, na mti upunguzwe matawi chini ya usimamizi wa mtu anayejua miti. Aliandika pia kwamba bomba la maji machafu linalopita chini ya kona hiyo lipimwe, kwa kuwa bomba linalovuja hulainisha udongo na kuleta ufa unaofanana kabisa na huo.

Sasa unyevu. Muuzaji alikuwa ameshatuonyesha karatasi ya kampuni moja iliyopendekeza kutoboa kuta za chini na kuingiza dawa ya kuzuia maji yasipande. Mkaguzi alikigusisha kipima unyevu ukutani, kikalia, naye akanieleza kwa nini mlio huo si ushahidi. Kifaa kile kimetengenezwa kwa ajili ya mbao, na kinachopima ni jinsi umeme unavyopita. Ukuta wa zamani una chumvichumvi, na chumvi hupitisha umeme, hivyo namba hupanda hata pale maji yakiwa kidogo. Yeye alikitumia kulinganisha sehemu na sehemu tu: pembeni ya dirisha, chini ya dirisha, nyuma ya kabati. Ramani aliyoichora ilionyesha unyevu umekusanyika sehemu mbili, siyo kuizunguka nyumba nzima kama ambavyo ingekuwa maji yangekuwa yanapanda kutoka ardhini.

Tukatoka nje kutazama sehemu hizo. Ya kwanza ilikuwa chini ya mfereji wa paa uliopasuka kwenye kiungo. Alama ya kijani ya ukungu ilishuka ukutani hadi chini. Ya pili, uwanja ulikuwa umepandishwa kidogo kidogo, kifusi juu ya kifusi, kisha ukasakafiwa kwa zege hadi kuupita usawa wa sakafu ya ndani. Inatakiwa ardhi ya nje ikae angalau milimita 150 chini ya usawa wa sakafu. Pale maji ya mvua yalikuwa yanaegemea ukuta moja kwa moja.

Juu ya hayo yote, kuta zilikuwa zimepigwa lipu ya saruji. Saruji ya Portland, ndiyo hii ya kawaida, ilisajiliwa na Joseph Aspdin huko Uingereza mwaka 1824, na ilichukua muda mrefu kuenea. Nyumba nyingi kongwe za mawe na matofali zilijengwa kwa chokaa. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuuachia tena hewani. Ukiuvika saruji ngumu, maji huingia kupitia nyufa ndogo za lipu yakakosa pa kutokea, na jiwe likaanza kumomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Mkaguzi aligonga kwa ncha ya kidole, taratibu, kutoka chini kwenda juu, na sauti ikabadilika ikawa ya uwazi. Pale ilipokuwa imeshabanduka kidogo aliingiza bisibisi nyuma yake; ikatoka na mchanga wa chokaa uliolowa, unaoshikana kidoleni.

Tiba aliyoiandika: tengeneza mfereji, shusha uwanja, bandua lipu ya saruji, ngoja ukuta ukauke, kisha piga lipu ya chokaa. Kuna kanuni ya mafundi kwamba ukuta hukauka kiasi cha milimita 25 kwa mwezi, hivyo ukuta mnene unadai subira. Dawa ya kutobolea kuta haikuwamo kabisa. Na nilielewa kwa nini yule wa kampuni aliiona lazima: anakagua bure kwa sababu anauza dawa.

Darini ndiko kulikokuwa na habari nzito. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, husukuma kuta kwa nje, na boriti ya chini inayounganisha miguu yake ndiyo inayozivuta zisitawanyike. Kwenye kenchi mbili za katikati boriti hiyo ilikuwa imekatwa kwa msumeno ili mtu apite akiwa amesimama, pengine siku dari ilipogeuzwa stoo. Mkaguzi aliteremsha timazi nje ya ukuta sehemu hiyo: juu ulikuwa umetoka nje kuliko chini, na penye kenchi nzima ukuta ulisimama wima. Nilishika mwenyewe ile ncha iliyokatwa. Kazi safi, imepigwa hadi msasa.

Kwenye boriti zilizoingia ukutani alijaribu kila ncha kwa bisibisi. Mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuila. Ncha mbili, zote upande wa ule mfereji uliopasuka, bisibisi ilizama bila nguvu. Vitobo vya wadudu vilikuwepo kila mahali, vidogo vya milimita 1 hadi 2, lakini karibu vyote vilikuwa vya zamani, kingo zimekuwa nyeusi. Aliweka karatasi nyeupe chini ya sehemu alizozitilia shaka na kugonga mbao. Unga mpya wa rangi hafifu ulidondoka sehemu moja tu. Kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kunyunyizia dawa dari nzima.

Kasoro za huduma hii zipo, nami sizifichi. Ripoti ilirudia mno maneno "haikuwezekana kukagua". Hakufunua sakafu ya mbao kwa sababu muuzaji hakuruhusu, na ukaguzi huu kwa kawaida ni wa macho, bila kubomoa kitu. Naelewa hilo. Lakini angeniambia mapema, ningeomba ruhusa hiyo ya maandishi kabla ya siku ya kazi. Umeme na mabomba yaliachwa kwa wataalamu wengine, yaani malipo mengine. Picha zilikuwa ndogo, hazina maelezo ya zilikopigwa. Na ule mfumo wa rangi nyekundu, njano na kijani ulinipotosha mwanzoni: mfereji ulipewa nyekundu sawasawa na kenchi iliyokatwa, wakati mmoja unatengenezwa asubuhi moja na mwingine unahitaji paa lishikiliwe. Ni mazungumzo ya simu baada ya ripoti yaliyonipangia mambo kwa uzito wake. Hakikisha mazungumzo hayo yamo kwenye makubaliano, maana wengine hutuma ripoti na kunyamaza.

Dalali alipoisoma alisema, "Ndugu yangu, nyumba hii imesimama miaka yote hiyo." Nikamwonyesha picha ya boriti: miaka mingi kati ya hiyo ilisimama ikiwa na kenchi nzima. Muuzaji hakubishana na picha. Alipunguza bei kwa kiasi cha matengenezo ya paa, na akakubali sakafu ifunuliwe chumba kimoja kabla ya kutia sahihi. Chini yake palikuwa pakavu.

Anayetafuta mkaguzi, amtafute asiyeletwa na dalali wala muuzaji, asiyeuza dawa wala matengenezo, mwenye bima ya kazi yake, na aliyezoea majengo ya chokaa na mbao. Muulize waziwazi kama atapanda darini. Mvua ikinyesha siku ya ukaguzi, msiahirishe. Mfereji wangu uligundulika kwa sababu kulikuwa kumenyesha usiku. Na vipimo vya boriti mpya usivitegemee kwenye ripoti hii. Kwangu iliandikwa tu kwamba kenchi zirudishiwe boriti zake kwa mchoro wa mhandisi wa miundo, naye nilimlipa kando.