Sanskrini tatu (krimu za kujikinga na jua) kutoka Januari mpaka Machi, na lile duka la Dubois Road: maoni yangu

Kazi yangu ni ya kutembea. Nasambaza sabuni kwa maduka ya mtaani, Umoja, Donholm, Kayole, saa zingine mpaka Njiru, kwa hivyo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi niko nje na begi mgongoni na jua utosini. Miaka yote hiyo nilikuwa najipaka mafuta mazito ya kopo asubuhi nang'aa naenda, sikuwahi kufikiria jua kama kitu cha kujikinga, si mi ni mweusi. Halafu nikapata mtoto wa pili, na ile rangi ya kahawia iliyonitokea usoni nikiwa na mimba, kwa mashavu na juu ya mdomo, ikakataa kuondoka. Kila ikifika Januari inakolea. Shavu la kushoto ndo limeumia zaidi, na nilichukua muda kuelewa ni kwa sababu gani, ni kwamba kwa matatu napenda kukaa dirishani upande huo, na kioo kinazuia ile miale ya kuchoma, UVB, lakini ile ingine, UVA, inapita na ndo hiyo inakoleza madoa.

Nianze na kosa nililofanya kabla ya hizi sanskrini kwa sababu najua kuna dada anasoma hii akiwa na ile krimu mkononi saa hii. Mwaka jana nilinunua kikopo kwa meza moja barabarani, muuzaji akaniambia siku saba madoa yameisha. Hakina orodha ya vilivyomo, kuna picha ya msichana na maua tu. Wiki mbili za kwanza kweli uso ulitakata, watu wakanisifu, nami nikafurahi. Wiki ya tano ngozi ikawa nyembamba, nikitoka jua inachoma kama nimepakwa pilipili, na nilipoacha madoa yakarudi meusi kuliko mwanzo. Daktari wa ngozi aliyeniona baadaye alisema dalili zile ni kama za krimu yenye steroidi. Tafadhali, kama kopo halisemi kuna nini ndani liache. Zebaki na haidrokwinoni, zinazowekwa kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa vipodozi, lakini barabarani bado vinauzwa, na zebaki haikai kwa ngozi tu, inaingia mwilini na kuharibu figo. Ukiona kwa lebo mercury, calomel ama mercurio, hiyo ni zebaki, weka chini uende zako.

Huyo daktari ndo alinipea kazi moja tu ya kuanza nayo, kabla ya dawa yoyote: sanskrini kila siku. Akaniambia madoa huwezi kuyatibu usiku halafu mchana unayapikia kwa jua. Nilipomuuliza kwani weusi wangu haunikingi, akasema unanikinga, ndiyo, ngozi nyeusi sana inakadiriwa kufanya kazi kama SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya ile miale ya kuchoma), ndo maana hatubabuki kama wazungu, lakini kwa madoa hiyo haitoshi. Tena sisi tuko Nairobi. Watu hudhani jua kali ni la Mombasa kwa sababu huko kuna joto, lakini joto na miale ni vitu viwili tofauti. Nairobi iko karibu kabisa na Ikweta, na iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndo hewa ya kuchuja miale inavyopungua. Mwezi wa pili na wa tatu, mchana wa anga safi, kipimo cha UV hapa kinafika 11 na kupita, ambayo Shirika la Afya Duniani linaita kiwango cha kupindukia. Katikati ya Machi saa saba kasorobo hivi simama wima nje uangalie kivuli chako, kiko chini ya miguu. Na upepo wa Nairobi unapuliza baridi kidogo kwa hivyo husikii unachomeka.

Sasa sanskrini.

Ya kwanza niliinunua kwa kemisti ya mtaani, 950 kwa tyubu ya mililita 100, SPF 50, ya zinki. Bei nzuri, nyingi, na haikuniwasha hata kidogo, hilo niseme wazi. Lakini uso wangu uligeuka rangi ya majivu. Si kidogo, majivu kabisa, kama mtu ametoka kwa posho mili. Nilijaribu kupaka kidogo kidogo ndo isionekane na hapo ndo kuna mtego, kwa sababu ile namba ya SPF inapimwa maabara ikiwa imepakwa nene, miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, ukipaka nyembamba haupati 50 unapata sehemu ndogo yake tu. Kwa hivyo sanskrini inayokufanya uibanie haikusaidii hata kama kwa karatasi ni nzuri. Tulienda ruracio (sherehe ya mahari) ya binamu yangu Limuru, picha zilipotoka za kamera ya flashi mimi ndo niko na uso wa kijivu na shingo nyeusi, na dada yangu akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa siku hiyo. Niliumia. Lakini sikuitupa, naipaka mikononi na mguuni, na mtoto wangu mkubwa akienda kuogelea naipaka mgongoni mwake, huko weupe haumsumbui mtu.

Ndo nikaingia mjini kati. Duka lenyewe liko Dubois Road, ghorofani, ni kale kanafasi ka egzibisheni ambako mkiingia watu watatu wa nne anangoja mlangoni. Siandiki jina kwa sababu sijaomba ruhusa yao, lakini nataka kusema vile nilihudumiwa kwa sababu ni nadra. Kwa duka ingine hapo chini nilikuwa nimeambiwa "sister, mtu mweusi hahitaji hizo vitu, chukua hii ya kung'arisha", na nikauziwa stori mpaka nikachoka. Huyu msichana wa juu aliniangalia uso, akaniuliza, "Mum, unafanya kazi ya nje ama ya ofisi?" Hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo akiniuzia mafuta. Nikamweleza kila kitu mpaka ile krimu ya meza. Hakunicheka. Akanishika mkono akanitoa mpaka kwa dirisha la ngazi penye mwanga wa nje, kwa sababu taa za duka zinadanganya, akanipaka tone kwa taya pande mbili tofauti akasema tungoje dakika tano ndo tuangalie. Tukangoja kweli, na kulikuwa na wateja.

Halafu akanionyesha kipimo. Alikamua mstari mmoja kwa kidole changu cha shahada kutoka chini mpaka ncha, na mwingine kwa kidole cha kati, akasema hiyo ndo ya uso na shingo, mara moja. Nikashtuka, mimi nilikuwa natumia kama punje ya dengu. Nikaona huyu anataka tyubu iishe haraka nirudi kununua. Baadaye nilimuuliza daktari na akasema hivyo hivyo, vidole viwili.

Niliyochukua hapo ni ya Korea, mililita 50, SPF50+ na PA++++, kwa 1,850. Hizo PA ni za kipimo cha UVA, alama za kujumlisha nne ndo mwisho, kwa hivyo mtu mwenye madoa aangalie hapo asiangalie SPF peke yake. Na usilipie zaidi kwa sababu ya namba kubwa, SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB na 50 kama 98, tofauti ni ndogo sana, shida kubwa ni kupaka kidogo na kusahau kurudia. Hii ya pili inapakika kama losheni ya kawaida, haina harufu, baada ya dakika kama kumi huwezi kujua niko nayo. Rangi yangu ilibaki rangi yangu. Asubuhi ya kwanza nilijiangalia kwa kioo cha bafu nikatoka mpaka nje kwa jua na kioo kidogo nijihakikishie, na nilifurahi kusema kweli.

Ina shida mbili. Siku ya tatu nikiwa Kayole, jua la saa nane, jasho likateremka na sanskrini likaingia machoni na nilikaa kwa benchi la duka la mteja wangu dakika kumi nikitoa machozi, mwenye duka akaniletea maji kwa kikombe. Tangu hapo siipaki kope za juu wala karibu na nyusi, hapo nawachia kofia. Ya pili ni vile vijiuchafu. Nilikuwa napaka mafuta yangu ya kopo kwanza kama nilivyozoea halafu sanskrini juu, ikawa inajikunja vipande vipande kama uchafu wa raba ya kufutia penseli, shingo yote imejaa. Nikarudi dukani nikilalamika. Msichana akaniuliza napaka nini chini yake, nikamwambia, akasema hayo mafuta yaende usiku. Na ni kweli, asubuhi sasa ni maji, losheni nyepesi, nangoja ikauke nikivalisha watoto, ndo sanskrini. Mafuta mazito nayo hayana kinga yoyote ya jua na barabarani yanashika vumbi lote la Outering. Lakini usiku kwa visigino na magoti sijaona kama Arimis, lile kopo la ng'ombe, kiangazi hiki visigino vyangu havikupasuka hata mara moja.

Kurudia mchana ndo mtihani. Inatakiwa kila masaa mawili ukiwa nje na mimi siwezi, kusema ukweli narudia mara moja, saa sita hivi kabla ya kuingia Kayole. Nabonyeza jasho na tisyu bila kusugua, napaka, naendelea. Pamoja na kofia ya ukingo mpana na blauzi ya mikono mirefu ya pamba, hiyo imenisaidia kuliko nilivyotarajia. Na mwavuli! Najua Nairobi ukibeba mwavuli kwa jua watu wanakuangalia, waangalie tu.

Ya tatu ni yenye rangi, 2,300 kwa mililita 40, niliinunua mwisho wa Februari kwa sababu daktari alisema mwanga wa kawaida unaoonekana na macho pia unakoleza madoa kwa ngozi nyeusi, na kinachouzuia ni ile oksidi ya chuma inayowekwa kwa zile zenye rangi. Sasa kupata rangi ya mtu mweusi hapa ni shida, nyingi zinaishia kwa rangi ya chai ya maziwa. Tulijaribu nne pale dirishani ndo ya tano ikakubali. Inaficha madoa vizuri sana, kanisani sihitaji fondesheni tena, lakini kola ya blauzi nyeupe inakuwa ya kahawia ifikapo saa tano na kufua ni kazi. Naiweka ya wikendi na siku za mikutano.

Kitu kinaniuma ni bei. Nikipaka vile inatakiwa, asubuhi na mchana, ile ya 1,850 iliniishia siku 22. Piga hesabu, ni shilingi 84 kila siku, kwa mtu wa mshahara wangu hiyo ni pesa ya kufikiria, na mimi nafikiria. Jirani yangu ana kijana mwenye ualbino na kwake hii si mambo ya madoa, ni kansa ya ngozi anakingwa nayo, anapata zake kupitia mpango wa baraza la watu wenye ulemavu, na siku akichelewa kupata nimeona vile mamake anahangaika. Sanskrini ingefaa kuwa bei ya losheni ya kawaida hapa, pahali jua linapita juu ya vichwa vyetu.

Ukienda kununua, angalia tarehe ya mwisho, na usinunue ile imeanikwa kwa meza juani kutwa nzima hata kama ni nusu bei, joto linaiharibu. Pale Dubois wanaweka kwa kabati la ndani. Na wanakubali M-Pesa, ila Jumamosi usiende, hutapata mtu wa kukutoa dirishani.

Matokeo ya miezi mitatu: madoa hayajaisha. Ya juu ya mdomo yamefifia, mamangu aliyaona bila kuambiwa. Ya shavu la kushoto bado yako, lakini hii ni Machi ya kwanza tangu nizae ambayo hayakukolea, na siku hizi kwa matatu nakaa upande wa ndani. Jana tyubu ya Korea ilikataa kutoa kitu nikaikata na makasi katikati, ndani kulikuwa na ya siku tatu nzima imeshika kwa kuta, nimeikwangua yote nikaitia kwa kikopo kidogo chenye kifuniko mpaka mshahara uingie.