Boksi la rangi za akriliki la tyubu 12: linatosha kuchora volkano ya Nyiragongo?

Kwa mtu wa Goma anayechora mandhari akitazama picha ya simu, boksi la akriliki la tyubu 12, mililita 12 kila moja, kama yale yanayouzwa papeteri (duka la vifaa vya kuandikia), linatosha kuanzia. Masharti ni mawili: ununue nyeupe ya ziada, na ile tyubu ya nyeusi uiache humo humo ndani.

Nyeusi ndiyo inayoharibu kazi nyingi za hapa, na chanzo ni picha. Kamera ikishapima mwanga wa anga, mawe ya lava hutoka meusi tii, na mchoraji anayafuata vivyo hivyo. Yatazame yenyewe kwenye kuta za nyumba za mjini. Jiwe lililovunjwa karibuni ni kijivu kizito chenye ubluu kwa mbali. Lililokaa nje miaka mingi limeingia ukahawia, na juu lina utando wa kijivu cheupe. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia iliyokoza kwa kiasi sawa. Mawe ya karibu yaongezee kahawia, ya mbali bluu. Ule utando upake mwisho kwa brashi kavu yenye nyeupe kidogo sana, uipitishe kwa wepesi ili ishike vichwa vya mawe tu, mashimo yabaki na giza lake.

Nyeupe huisha kabla ya zote, maana anga, ukungu na ziwa vyote vinaitaka. Chukua tyubu ya mililita 75 au zaidi, yenye alama PW6, yaani titani. PW4 ni zinki, haifuniki vizuri. Kama hakuna alama, paka kidogo juu ya gazeti: ikikauka na herufi bado zinasomeka, iache. Njano ya boksi nayo ni nyepesi, kwa hiyo ipake juu ya nyeupe iliyokwisha kukauka. Kijani chake ni kikali mno kwa migomba. Njano na ultramarini, pamoja na tone la kahawia, vinakaribia zaidi.

Akriliki ikikauka inakoza. Anga uichanganye iwe nyeupe kidogo kuliko unavyoitaka, ujaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi. Maji yasizidi theluthi moja ya rangi, la sivyo inapauka na kutoka kama chaki. Wakati wa kiangazi rangi hukauka upesi kwenye sahani: tandika kitambaa chenye maji, juu yake karatasi ya kuokea, uchanganyie hapo.

Brashi zinazokuja na boksi hazifai. Nywele zinang'oka na kubaki zimenasa angani. Nunua moja bapa ya sentimita 2.5 na moja nyembamba.

Turudi kwenye picha. Nyiragongo una mita 3,470, karibu mita 2,000 juu ya mji, lakini lenzi pana ya simu inaufanya kilima. Piga kwa kuvuta karibu (zumu) mara mbili, na upige picha mbili: moja ukigusa anga kwenye kioo, nyingine ukigusa ardhi. Rangi za mawingu zichukue kwenye ya kwanza, za mashamba na mawe kwenye ya pili. Ichapishe moja kwa sentimita 10 kwa 15 na uigawe miraba ya sentimita 2.5, ubao wa 20 kwa 30 uugawe miraba ya sentimita 5. Utapata miraba 24 kwenye picha na 24 kwenye ubao, na mteremko wa mlima utakaa mahali pake. Mistari ya penseli iwe hafifu, kwa sababu njano hii haiwezi kuificha.

Boksi linashindwa kabisa kwenye wekundu wa usiku juu ya kreta, yaani shimo la kileleni. Nyekundu yake ikiongezwa nyeupe inageuka waridi. Kwa kazi hiyo ongeza tyubu ya rangi ya chungwa, uipake nyembamba, tabaka mbili au tatu, juu ya mawingu ya kijivu yaliyokauka.